Ukipanga nyumba Roma, panga na afya yako

Wakenya wanaofunga safari kwenda Roma si wachache. Wapo waumini wanaokwenda kuhiji, wapo wazazi wanaowatembelea wana wao walio masomoni, na wapo maafisa wanaohudhuria mikutano ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ambalo makao yake makuu yako humo. Wengi wao siku hizi hawalali hotelini. Hupanga fleti yenye jiko kwa juma moja au mawili, wakajipikia.

Kwa mtu anayeugua kisukari au shinikizo la damu, jiko ni neema. Atapika anachokijua, kwa chumvi anayoipima mwenyewe, na kwa saa zinazopatana na dawa zake. Hata hivyo, kuna jambo ambalo wengi husahau. Hotelini kuna karani mlangoni usiku kucha. Katika fleti hakuna mtu. Ukizidiwa saa nane za usiku, wewe ndiwe mgonjwa, na wewe ndiwe wa kuita msaada. Kwa hivyo somo letu la leo ni jinsi ya kujaza pengo hilo kabla hujaondoka nyumbani.

Tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 62. Anadunga insulini, na pia anameza dawa za shinikizo la damu. Mwezi wa Novemba anakwenda Roma kwa siku 12 kumtazama mwanawe ambaye ni mwanafunzi na analala katika bweni la chuo. Usiku mama huyu atakuwa peke yake. Je, apange nini?

Kabla ya kulipa

Picha za fleti huonyesha kitanda na dirisha zuri. Hazionyeshi ngazi. Majumba mengi ya katikati mwa Roma yalijengwa karne nyingi kabla ya lifti kuvumbuliwa, na pale ilipoongezwa baadaye aghalabu ni ndogo mno. Usiridhike na jibu kwamba nyumba iko “ghorofa ya tatu”. Uliza: ni vidato vingapi kutoka barabarani hadi kitandani? Mwenye magoti mabovu au moyo dhaifu atahitaji jibu hilo kuliko picha zote.

Uliza pia kuhusu joto. Kwa kanuni za Italia, mitambo ya kupasha nyumba joto mjini Roma huruhusiwa kuwashwa kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 15, tena kwa muda usiozidi saa 12 kwa siku. Maana yake ni kwamba usiku wa manane huenda nyumba ikawa baridi. Omba blanketi za ziada mapema. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi asilale na chupa ya maji moto miguuni, kwa sababu anaweza kuungua bila kusikia maumivu. Avae soksi nene.

Swali la tatu ni la usalama. Sheria ya Italia inataka nyumba za kupangisha wageni kwa muda mfupi ziwe na kizimamoto cha mkono pamoja na vifaa vinavyopiga kengele gesi ya kupikia ikivuja au hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi ikijaa. Tena kila nyumba ya aina hiyo lazima iwe na nambari ya utambulisho ya kitaifa, iitwayo CIN, nayo ionekane kwenye tangazo lake. Mwenye nyumba asiyeweza kukutajia nambari hiyo, mwache.

Mwisho, hakikisha kuna friji inayofanya kazi, na kwamba ufunguo wa pili utakuwepo. Ufunguo huo wa pili tutaurudia.

Mkoba wa dawa

Visa ya nchi za Schengen hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Usiinunue kwa ajili ya visa tu, isome. Mwambie wakala waziwazi kwamba una kisukari, na umwombe akuonyeshe kwa maandishi kama bima hiyo inalipia maradhi uliyokuwa nayo kabla ya safari.

Mwombe daktari wako barua inayotaja maradhi yako na majina halisi ya dawa, si majina ya kibiashara, kwani dawa ileile huuzwa kwa jina tofauti Italia. Beba dawa za siku zote za safari na za juma moja zaidi, katika paketi zake za asili. Usitegemee kwamba duka la dawa la Roma, ambalo utalitambua kwa msalaba wa kijani, litakubali cheti kilichoandikwa Nairobi.

Insulini haiwekwi katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege, maana huko inaweza kuganda na kuharibika. Iwe katika mkoba wa mkononi. Ukifika, ile ambayo haijafunguliwa iweke kwenye friji, baina ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu.

Saa nazo hubadilika kidogo. Wakati wa baridi Roma iko nyuma ya Nairobi kwa saa mbili, na wakati wa kiangazi kwa saa moja. Mwulize daktari wako mapema namna ya kusogeza saa za sindano.

Kuna jambo jingine linaloweza kuleta balaa. Nchini Kenya mashine nyingi za kupima sukari huonyesha milimoli kwa lita. Italia hutumia miligramu kwa desilita. Ili kupata hesabu yao, zidisha ya kwetu kwa 18. Saba yako ni 126 yao. Ukimwambia muuguzi wa huko kwamba sukari yako ni “saba” bila kueleza kipimo, huenda akastuka bure. Naye akikutajia 126, usidhani unakufa. Andika hesabu hii katika kijitabu chako.

Sokoni na jikoni

Sheria za Muungano wa Ulaya zinakataza msafiri kutoka nchi kama Kenya kuingia na nyama au vyakula vya maziwa. Nyama iliyokaushwa, samli na mursik viache nyumbani. Maembe nayo hayapiti bila cheti cha wakaguzi wa mimea, ingawa ndizi, mananasi, nazi na tende zinaruhusiwa.

Usihofu njaa. Waitalia wana ndugu yake ugali, aitwaye polenta. Dukani tafuta unga wa mahindi uliosagwa laini, unaoandikwa “fioretto”. Ule mweupe huandikwa “bianca”. Karibu na kituo kikuu cha gari la moshi cha Termini kuna soko la Esquilino, ambako wahamiaji kutoka Afrika na Asia hununua bamia, mihogo na viungo. Mboga chungu iitwayo cicoria huchemshwa kisha ikakaangwa na kitunguu saumu, na mlaji wa managu ataifurahia. Maharagwe ya borlotti nayo yatakukumbusha rosecoco.

Ila usile polenta tupu ili kuokoa euro. Kaskazini mwa Italia, katika karne ya 18 na ya 19, wakulima maskini walioishi kwa polenta karibu pekee walipatwa na ugonjwa wa pelagra, uliochubua ngozi, ukaharisha na hata kuvuruga akili. Jina lenyewe lilitokana na maneno ya huko yenye maana ya ngozi kali. Chanzo chake kilikuwa upungufu wa vitamini ya niasini. Weka maharagwe, samaki au yai kando ya sima yako. Na ikiwa una kisukari, sima isizidi ukubwa wa ngumi yako. Mboga zijaze nusu ya sahani.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Jibini ya pecorino na nyama ya nguruwe iliyokolezwa chumvi, ambazo ndizo roho ya vyakula vingi vya Roma, zinaweza kumaliza kiasi hicho upesi. Kwenye paketi tafuta neno “sale”, ambalo ni chumvi, na “zuccheri”, ambalo ni sukari. Neno “senza” maana yake ni bila.

Maji na mawe

Maji ya mfereji mjini Roma ni salama kunywa. Barabarani utaona visima vya chuma vinavyotiririsha maji baridi, ambavyo wenyeji huviita “nasoni”, yaani pua kubwa. Vilianza kuwekwa mwaka wa 1874. Beba chupa yako ujaze humo, badala ya kununua soda.

Barabara nyingi za zamani zimetandikwa mawe madogo meusi, ambayo huteleza mvua inaponyesha na kutikisa vifundo vya miguu. Vaa viatu bapa ulivyokwisha kuvizoea. Kila jioni keti kitandani, utazame nyayo zako na baina ya vidole. Lengelenge dogo likipuuzwa linaweza kumgharimu mwenye kisukari mguu.

Tena kutembea kutwa hushusha sukari, na wakati mwingine hushuka usiku ukiwa usingizini. Pima kabla ya kulala. Weka kando ya kitanda chupa ndogo ya maji ya matunda au sukari ya kulamba. Ukitetemeka na kutokwa jasho, na kipimo kiwe chini ya 4 ya kwetu, au kama 70 ya kwao, chukua vijiko vitatu vya chai vya sukari, kisha upime tena baada ya dakika 15.

Sumu isiyo na harufu

Sote tumesikia habari za watu waliolala na jiko la makaa chumbani wasiamke. Sumu hiyohiyo, kaboni monoksaidi, inaweza kutoka katika mtambo wa gesi wa kuchemshia maji ikiwa umeharibika au hewa ni haba. Baridi isikufanye uzibe matundu ya hewa yaliyo ukutani kwa nguo au karatasi. Watu wote wa nyumba wakiumwa kichwa kwa pamoja, wakaona kizunguzungu na kichefuchefu, msidhani ni chakula. Fungueni madirisha, tokeni nje, mpige simu.

Homa baada ya safari

Ukipatwa na homa ukiwa Roma, neno la kwanza kumwambia daktari ni “Vengo dal Kenya”, yaani natoka Kenya. Malaria inaweza kujitokeza majuma kadhaa baada ya kuumwa na mbu kwetu, na daktari asiyejua ulikotoka huenda akaidhania mafua. Omba upimwe damu siku hiyohiyo. Kuchelewa huua.

Karatasi ya mlangoni

Sasa turudi kwa mama yetu, peke yake usiku. Nambari ya dharura mjini Roma ni 112. Haina malipo, na wanaopokea wanaweza kutafuta mkalimani. Lakini watauliza: uko wapi? Jumba moja la Roma linaweza kuwa na ngazi kadhaa na milango mingi. Hivyo jina la barabara halitoshi.

Siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua sanduku, andika haya kwa herufi kubwa, ubandike nyuma ya mlango:

Nambari 112. Jina la barabara na nambari ya jumba. Herufi ya ngazi (scala), nambari ya mlango (interno), ghorofa, na jina lililo kwenye kengele ya nje. Maradhi yako na dawa zako. “Ho il diabete” maana yake ni nina kisukari. Simu ya mwanao, ya mwenye nyumba na ya bima.

Ule ufunguo wa pili apewe mwanawe. Kisha waafikiane: atampigia mama saa tatu za usiku na saa moja za asubuhi. Simu isipopokewa mara mbili, asingoje vipindi vya chuo viishe. Aje afungue mlango.

Katikati mwa mto Tiber kuna kisiwa kidogo. Warumi wa kale walijenga hapo hekalu la mungu wao wa uganga katika karne ya tatu kabla ya Kristo, na tangu 1585 pamekuwa na hospitali, ambayo ingali inatibu watu. Roma haijakosa waganga. Kinachohitajika ni wajue ulipo, na mlango ufunguke.