UDUKUZI AU MAFURIKO? ISTILAHI NA UDHAIFU WA HUDUMA ZA MICHEZO YA MTANDAONI

Utangulizi

Aghalabu vyombo vya habari vinapotangaza kuwa huduma ya michezo ya mtandaoni imeshambuliwa, neno moja ndilo hutumiwa: udukuzi. Neno hili, lililonyambuliwa kutokana na kitenzi ‘dukua’, limekwisha kuota mizizi. Makala haya yanadai kwamba likibebeshwa kila aina ya shambulizi, linaficha tofauti ambayo mtumiaji anapaswa kuijua ili ajikinge. Tunapendekeza aina mbili zitenganishwe: uvamizi na mafuriko.

Uvamizi

Mnamo Aprili 2011, wahalifu walipenya katika mitambo ya PlayStation Network, huduma ya kampuni ya Sony. Sony iliifunga huduma hiyo tarehe 20 Aprili. Siku sita baadaye ilitangaza kwamba maelezo ya akaunti zipatazo milioni 77 yalikuwa yamefikiwa, yakiwemo majina, anwani, tarehe za kuzaliwa na nywila. Huduma ilianza kurejeshwa katikati ya Mei. Januari 2013, mamlaka ya kulinda data nchini Uingereza iliitoza Sony faini ya pauni 250,000. Hapa mlango ulivunjwa na siri za wateja zikachukuliwa.

Mafuriko

Siku ya Krismasi 2014, PlayStation Network na Xbox Live ya Microsoft zilikwama. Kundi lililojiita Lizard Squad lilidai kuhusika. Safari hii mlango haukuvunjwa, bali ulizibwa: seva zilimiminiwa maombi bandia mengi mno hata wachezaji halali wakakosa nafasi, mithili ya duka lililojaa watu wasionunua kitu.

Huduma za michezo huathirika upesi kwa mashambulizi ya aina hii kwa sababu mbili. Kwanza, mchezo wa papo kwa papo hauvumilii kuchelewa hata kwa sehemu ya sekunde. Pili, seva sharti iwe wazi kwa wachezaji kutoka kila pembe, kwa hivyo si rahisi kumtenga mgeni mwema na mwovu.

Maji ya mafuriko hayo hutoka wapi? Mwaka 2016, vijana watatu wa Marekani waliunda programu iitwayo Mirai, na sehemu ya chimbuko lake ilikuwa ushindani wa kibiashara baina ya wenye seva za mchezo wa Minecraft. Mirai iliteka kamera na ruta za majumbani kwa kujaribu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuwa wamezibadilisha, kisha ikavielekeza vifaa hivyo kushambulia kwa pamoja. Watatu hao walikiri makosa yao mahakamani mwaka 2017. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Hitimisho

Tofauti hii si ya maneno matupu. Baada ya uvamizi, mchezaji hana budi kubadilisha nywila yake, pamoja na kila mahali pengine alipoitumia. Baada ya mafuriko, kubadilisha nywila ya mchezo hakumfai kitu; linalofaa ni kubadilisha ile ya kamera na ruta yake, asije akawa chombo cha kuwashambulia wenzake. Mwanahabari anayeandika ‘udukuzi’ kwa yote mawili humwacha msomaji njia panda. Ni jukumu letu wanafunzi wa Kiswahili kumpa istilahi zinazomwelekeza.