Tuifahamu Taa ya Adapta ya Wi-Fi

Kompyuta ya mezani isiyo na Wi-Fi ndani yake huunganishwa na mtandao kwa adapta ndogo inayochomekwa kwenye tundu la USB. Adapta nyingi zina kijitaa, na mkazi anayejaza fomu mtandaoni hukitazama kama shahidi: kikimetameta, huamini fomu imekwenda; kikizimika, huchomoa adapta katikati ya kazi. Imani hiyo yaweza kumpotezea maombi yake.

Kijitaa hicho hakiongozwi na intaneti bali na programu kiendeshi, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa kilichochomekwa. Katika mfumo wa Linux viendeshi vingi ni vya chanzo huria, hivyo yeyote anaweza kusoma taa imeamriwa iwake lini. Miongoni mwavyo ni ath9k_htc, cha adapta zenye chipu ya Atheros AR9271, na rt2800usb, cha chipu kadhaa za Ralink.

Taa za adapta hizo huonekana katika folda ya /sys/class/leds. Ndani ya folda ya taa husika, faili la «trigger» hubeba sababu ya taa kuwaka. Neno phy0assoc huiwasha pale adapta inapoungana na ruta. Phy0tx huimetesha data inapotumwa. None huiacha mikononi mwa mtumiaji. Namba 0 yaweza kuwa nyingine, hasa adapta ikichomolewa na kurudishwa. Ukishaandika none, andika 0 katika faili la «brightness»: taa itazimika na Wi-Fi itaendelea kama kawaida, nafuu kubwa kwa anayelala chumba kimoja na kompyuta. Kazi hii huhitaji haki za msimamizi wa kompyuta.

Izingatiwe kwamba hata phy0assoc huthibitisha tu kuwa ruta imefikiwa. Ruta yenyewe yaweza kuwa imeishiwa bando. Anayetuma maombi asubiri ujumbe wa kupokelewa uonekane kwenye ukurasa ndipo achomoe adapta.

Mpangilio huu hupotea kompyuta inapozimwa. Wenye adapta za Realtek RTL8812AU wana njia ya kudumu zaidi: baadhi ya viendeshi huria vya chipu hiyo hupokea chaguo la rtw_led_ctrl, linaloandikwa katika faili lililomo ndani ya /etc/modprobe.d. Thamani 0 huizima taa daima, 1 huimetesha, na 2 huiwasha bila kumeta.