Waya Kwanza, Diski Baadaye

Seremala wa Kasongo akitaka kupiga randa ubao wa mvule, kazi yake huanzia uani, kwa kuvuta kamba ya gurupe, yaani jenereta. Kwa mafundi wengi wa Kasongo, Kabambare na Salamabila, umeme hauji kwa nguzo za barabarani. Unatoka kwenye gurupe, unapita kwenye ralonji, ule waya wa kurefushia umeme, unaingia kwenye mashine. Maana yake ni hii: ukiwasha gurupe, wewe ndiye kampuni ya umeme. Hakuna mwingine atakayekagua waya wala kukukatia moto ukizidi. Kwa hiyo, kabla ya kuyaogopa meno ya msumeno, ikague njia nzima ya umeme.

1. Gurupe ikae nje

Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa amekaa tu. Mvua zikianza, mwezi wa Septemba hivi, kishawishi cha kuingiza gurupe ndani ni kikubwa. Usiiingize. Iwekee kipaa cha bati kisicho na kuta, mbali na milango na madirisha. Kabla ya kuongeza petroli, zima na uache injini ipoe.

Kisha soma wati. Kijenereta kidogo kilichoandikwa 950 kwa kawaida hutoa wati 650 hivi kwa kazi ya mfululizo, na randa au mashine ya kukatia chuma yaweza kutaka 700 au 800, tena zaidi inapoanza kuzunguka. Gurupe ikizidiwa, umeme hushuka, mota huchemka na diski hukwama katikati ya chuma. Chagua gurupe yenye uwezo wa karibu mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye mashine.

2. Ralonji ni sehemu ya mashine

Kila asubuhi pitisha waya wote mkononi kabla ya kuuchomeka, ukitafuta mahali palipochubuka, palipoliwa na panya au palipoungua. Waya uliochubuka usiufunge kwa mfuko wa plastiki. Ukate pale, ufunge fishi upya, au ununue mwingine.

Unene una maana. Mashine ya wati 2000 huvuta karibu ampea 9. Ukiilisha kwa waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 50, unapoteza karibu volti 20 njiani, na nguvu hiyo inageuka joto ndani ya waya. Kwa mita 25 tumia waya wa 1.5, kwa mita 50 tumia wa 2.5. Ukunjue wote, maana waya ulioviringishwa huku unafanya kazi hujichemsha wenyewe.

Uutundike juu ya misumari ya mbao au uupitishe kando ya ukuta, usipite kwenye tope wala chini ya miguu ya wateja. Unapokata, uweke nyuma ya bega lako ili usiufikie msumeno. Na usichomeke nyuzi tupu kwenye prizi kwa vijiti: fishi nzima ni bei ndogo kuliko mkono.

3. Tazama mgongo wa mashine

Ukiona alama ya mraba ndani ya mraba, mashine ina kinga maradufu na nyuzi mbili zinaitosha. Isipokuwa na alama hiyo, inahitaji waya wa tatu, ule wa ardhini, basi usiukate ili fishi iingie kwenye prizi ya matundu mawili. Mwombe fundi umeme aiunganishe gurupe na ardhi na akufungie kikatio cha miliampea 30, kile kinachozima umeme ukivujia mwilini. Asiye na ujuzi asijifungie mwenyewe, kwa sababu kikatio kisichounganishwa sawasawa na gurupe kinaweza kukaa kimya siku unapokihitaji.

4. Diski na kinga yake

Mashine ndogo ya kukatia chuma, ya diski ya milimita 115, huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski kubwa ya milimita 230 hutengenezwa kuvumilia mara 6,600 hivi. Fundi anayevua kinga ili diski kubwa iingie kwenye mashine ndogo anaizungusha kupita uwezo wake, na ikipasuka vipande vyake huruka kama risasi. Diski nyingi za kukatia zina tarehe ya mwisho kwenye pete ya chuma ya katikati, ikipita, itupe.

Unapobadilisha diski, jino au kekee, chomoa fishi kwanza. Swichi haitoshi. Umeme ukikatika ghafla, zima swichi ya mashine kabla gurupe haijawashwa tena, la sivyo itaruka mezani peke yake.

5. Jivike kwa kazi

Vaa miwani, viatu vilivyofunika vidole na nguo isiyoning'inia. Kandambili na mikono mipana ya kanzu vibaki nyumbani. Vumbi la mvule huwasha macho na pua, basi funika mdomo na pua. Usivae glavu unapotoboa kwa kekee, kwa kuwa huvutwa pamoja na kidole. Miguu ikiwa majini au mikono ikiwa na jasho, ngoja.

6. Mwenzako akishikwa na umeme

Usimguse. Zima gurupe au chomoa fishi. Ikishindikana, sukuma waya kwa mti mkavu utoke mwilini mwake. Asipopumua, bonyeza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akiita msaada. Alama ya kuungua imwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Hata akisimama na kusema amepona, mpelekeni hospitali, kwani umeme unaweza kuuvuruga moyo baadaye.

Mafundi wetu hujifunza kwa kumtazama mkubwa wao. Kijana anayekuona ukichomeka nyuzi tupu leo atafanya hivyo kesho, nawe hutakuwapo kumzimia gurupe. Basi, mwalimu wa kazi, kesho asubuhi mpe kijana wako ralonji, aipitishe mkononi kutoka fishi hadi mwisho, kabla ya kumpa msumeno.