Kisu Butu Ndicho Kinachokata Kidole



Jumamosi iliyopita mmoja wenu alijikata kidole cha shahada akitoa bawa la ndege kwenye fremu yake. Jeraha halikuwa kubwa. Tuliliosha, tukalifunga plasta, na baada ya nusu saa alikuwa amerudi mezani. Lakini wakati wa kuondoka mzazi mmoja aliniambia kwa upole, "Mwalimu, hivi visu si viondoke tu? Watoto watumie mikasi ya karatasi." Nimelifikiria neno lake wiki nzima. Somo la leo ndilo jibu langu, na naanza kwa kukiri kwamba kosa lilikuwa langu. Kisu kile nilikitoa kwenye droo ya jikoni kwangu, na kilikuwa butu.

Lishike neno hilo, butu. Wewe unayesoma Kizulu shuleni hapa Queensburgh umeshalisikia ndugu yake: buthuntu. Na kinyume chake, kisu kikali chenye makali, Kizulu husema bukhali. Maneno haya hutayasahau, kwa sababu nusu unayo tayari.

Sasa, kwa nini kisu butu ni hatari kuliko kikali? Kisu kikali huingia kwenye plastiki chenyewe, wewe unakiongoza tu. Kisu butu hakiingii, kwa hiyo unakisukuma. Unaongeza nguvu, unaongeza tena, halafu ghafla plastiki inakubali, na ile nguvu yote uliyoiweka inaendelea mbele hadi ikutane na kitu laini. Kitu hicho ni kidole chako.

Kisu chenyewe kilikuwa kile cha wembe mrefu wenye mistari, unaovunjwa kipande kwa kipande. Kampuni ya Olfa ya Japani inasimulia kwamba mwanzilishi wake alikibuni mwaka 1956, akikumbuka vipande vya chokoleti vinavyovunjika kwa mstari. Ncha ikiwa butu unaivunja, na ncha mpya inatokea. Changu sikuwahi kukivunja hata mara moja! Na hata kingekuwa kikali, ni chombo cha kukatia karatasi na maboksi. Wembe wake mwembamba hupinda ukiusukuma pembeni, na plastiki ya modeli inataka wembe usiopinda.

Tuanze basi na chombo cha kwanza, ambacho si kisu. Itazame fremu ya modeli yako. Kila kipande kimeshikwa na kijiti kidogo cha plastiki, kama embe lilivyoshikwa mtini na kikonyo. Nami nitakiita kikonyo. Kikonyo hukatwa kwa koleo la kukatia lenye midomo miembamba, na ukiligeuza utaona upande mmoja wa midomo ni bapa na mwingine una mteremko. Upande bapa ndio unaotazama kipande. Ukikosea hapo, kibaki kirefu kinabaki kwenye bawa lako.

Usikate mara moja. Kata kwanza mbali, karibu na fremu, kipande kitoke na kikonyo chake. Kisha ukishike vizuri mkononi na ukate tena karibu, ukiacha kama milimita moja. Sababu yake ni kwamba koleo halikati kama wembe, linabana kutoka pande mbili. Plastiki ikibanwa karibu mno na kipande, huacha doa jeupe ambalo wakati mwingine haliondoki hata kwa msasa. Walioharibu vioo vya rubani wiki iliyopita wananielewa.

Milimita iliyobaki ndiyo kazi ya kisu. Chagua kisu chembamba chenye mpini kama kalamu na wembe wa ncha kali unaobadilishwa. Wauzaji huuita namba 11, na visu vya madaktari wa upasuaji navyo vina wembe wa namba hiyo. Kata kidogo kidogo, safu baada ya safu, kama unavyomenya embe bichi. Ukisikia mkono wako unaanza kukaza, simama. Wembe umechoka, ubadilishe. Wembe ni rahisi kuliko modeli, na sihitaji kusema kuhusu kidole.

Mambo mawili zaidi kuhusu kisu hiki. Mpini wake ni wa mviringo, hivyo huviringika na kuanguka mezani, ncha ikitangulia. Uzungushie kipande cha utepe mnene ili usiviringike. Na kikianguka, usikidake! Vuta miguu nyuma, kiache kifike chini.

Hapa wazazi huniuliza: haya yanahusu nini na Kiswahili? Sikiliza vitenzi. Kikonyo tunakikata. Kibaki tunakimenya. Mstari wa mshono ulioachwa na kiwanda tunaukwangua, kwa kuusimamisha wembe na kuuburuta bila kukata. Karatasi ya plastiki tunaichanja kwa wembe mara mbili au tatu, kisha tunaivunja kwenye mstari huo. Ndiyo, ni kuchanja kule kule kwa wembe wa mganga na sindano ya chanjo. Kipande kinene tunakipasua kwa msumeno wa meno madogo. Mtoto akisoma vitenzi hivi ubaoni anavisahau kabla hajafika kwenye gari. Akivifanya kwa mkono, vinabaki.

Hata msasa una hadithi. Kabla haujawa karatasi ya dukani, msasa ulikuwa mmea, na bado upo. Majani yake yanakwaruza kiasi kwamba mafundi waliyatumia kulainisha mbao.

Na mifano midogo si mchezo tu. Mtepe, chombo cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, umetoweka baharini. Umbo lake tunalijua kwa sehemu kwa sababu watu waliunda mifano midogo ya mtepe, na makumbusho kama ya Lamu yakaihifadhi.

Sasa utunzaji. Hatukai ufukweni, lakini unyevu wa Durban unatufikia, hasa miezi ya joto, na chuma hakipendi unyevu. Ukimaliza kazi, pangusa koleo kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye maungio yake, lifungue na kulifunga mara chache, kisha pangusa tena. Mafuta yakibaki kwenye midomo yatahamia kwenye plastiki, na rangi haitashika. Vile vijifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, usivitupe. Viweke kwenye sanduku lako la vifaa, vinanyonya unyevu. Tupa isafishwe kwa mswaki wa zamani, maana vumbi la plastiki likijaa kwenye meno yake haitakwangua kitu.

Koleo la plastiki lisikate waya. Hata waya mwembamba. Hata mara moja. Weka la pili, la bei rahisi, kwa kazi hiyo.

Na nyembe zilizochoka zisitupwe ovyo kwenye mfuko wa taka, kwani kuna mtu ataubeba mfuko huo kwa mikono. Darasani tuna mtungi wa bati wenye tundu kwenye kifuniko. Nyumbani fanyeni kama hivyo.

Kwa mzazi aliyeniuliza: visu havitaondoka, lakini utaratibu umebadilika. Walio chini ya miaka kumi watatumia koleo na msasa tu. Kwa milimita ile moja, msasa unatosha, ni suala la subira. Wakubwa watatumia kisu, mmoja mmoja, nikiwa nimekaa pembeni yake. Visu nitavihesabu kabla na baada. Ukitaka kuja kukaa nami mezani, karibu sana, kiti kipo.

Jumamosi ijayo kila mmoja alete mswaki wa zamani na kitambaa kikavu. Kazi ya nyumbani: muulize bibi au babu, hata kwa simu, jikoni kwao walikuwa wakinolea kisu kwenye nini, na uandike sentensi tatu ukitumia noa, makali na butu.