Kuzuia Vidonda vya Mgandamizo: Somo kwa Watumishi wa Afya wa Mbeya na Iringa

Utangulizi

Barabara kuu iendayo Zambia hupanda Mlima Kitonga wilayani Kilolo, ikapita Iringa, Mafinga na Makambako, kisha ikafika Mbeya na kuendelea hadi mpakani Tunduma. Malori, mabasi na bodaboda hupita humo usiku na mchana, na hospitali zilizo kando yake hupokea majeruhi waliovunjika paja, nyonga au uti wa mgongo. Wodi hizohizo huwalaza wazee waliopatwa na kiharusi, wagonjwa wa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo na watu waliodhoofishwa na maradhi ya muda mrefu. Jambo moja huwaunganisha wote: hawawezi kujigeuza kitandani, na wengine hawahisi maumivu ambayo kwa mtu mzima wa afya huwa onyo la kubadili mkao.

Wagonjwa hawa ndio wanaopata vidonda vya mgandamizo, ambavyo wengi huviita vidonda vya kulalia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wagonjwa walioumia uti wa mgongo na kutibiwa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi ulionesha kuwa vidonda hivi ndivyo vilivyoongoza miongoni mwa madhara yaliyofuata jeraha la awali. Kidonda kilichofika mfupani huchukua miezi kupona, huhitaji pengine upasuaji, na maambukizi yake yakiingia katika damu huweza kumuua mgonjwa aliyekwisha kunusurika katika ajali.

Mwisho wa somo hili mtumishi wa afya atarajiwe kueleza jinsi kidonda kinavyoanza, kukitambua mapema kwenye ngozi nyeusi, kupanga ugeuzaji wa mgonjwa, na kuwafundisha wenzake pamoja na ndugu wa mgonjwa.

Kidonda huanza lini?

Chukulia mfano huu wa kufundishia. Kijana dereva wa bodaboda anaanguka karibu na Ilula na kupoteza hisia za miguu. Anafungwa kwenye ubao mgumu na kupelekwa hospitali mkoani Iringa. Anasubiri picha ya eksirei akiwa juu ya ubao uleule. Siku ya pili anapewa rufaa kwenda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300, akiwa amelala chali muda wote. Baada ya siku moja Mbeya, muuguzi anamgeuza na kukuta baka la zambarau iliyokoza sehemu ya chini ya mgongo, juu ya kifandugu. Ngozi haijapasuka. Wiki moja baadaye panafunguka shimo.

Swali ambalo huulizwa haraka ni: nani alizembea? Swali lenye manufaa zaidi ni: kidonda kilianza lini? Uzito wa mwili unapobana nyama kati ya mfupa na kitu kigumu, mishipa midogo ya damu hujifunga. Nyama iliyo karibu na mfupa hukosa hewa safi na chakula, ikaanza kufa kutoka ndani kuelekea nje. Kwa sababu hiyo jeraha la ndani huweza kuonekana juu ya ngozi saa 48 hadi 72 baada ya mgandamizo uliolisababisha. Baka lililoonekana Mbeya huenda lilianzia kwenye ubao, kwenye foleni ya eksirei au ndani ya gari la wagonjwa. Kila mmoja aliyempokea kijana yule alimwona kwa saa chache tu. Hakuna aliyejumlisha saa zote.

Hili ndilo fundisho kuu la somo hili: kuzuia vidonda vya mgandamizo ni kazi ya kuhesabu saa na kukabidhiana hesabu hiyo bila kuikata.

Mgandamizo una wasaidizi watatu. Wa kwanza ni mvutano wa ngozi: mgonjwa aliyeinuliwa kichwa sana huteleza polepole, ngozi ikabaki imeshikwa na shuka ilhali mifupa inashuka, na mishipa ya damu ikanyongwa. Wa pili ni msuguano, kama mgonjwa anapoburutwa juu ya shuka. Wa tatu ni unyevu wa jasho, mkojo au kinyesi, ambao hulainisha ngozi na kuifanya ichubuke upesi.

Kuitambua hatari kabla ya jeraha

Kipimo kinachotumika sana ni cha Braden, kilichochapishwa mwaka 1987 na wauguzi watafiti wa Marekani, Barbara Braden na Nancy Bergstrom. Hupima mambo sita: uwezo wa kuhisi, unyevu wa ngozi, utembeaji, uwezo wa kujigeuza, lishe, na msuguano pamoja na mvutano. Jumla huanzia alama 6 hadi 23, na kadiri alama zinavyopungua ndivyo hatari inavyoongezeka. Mtu mzima mwenye alama 18 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa hatarini. Kijana wa mfano wetu angepata alama ndogo tangu saa ya kwanza, na karatasi moja katika faili lake ingetosha kumtahadharisha kila aliyempokea.

Kipimo, hata hivyo, hakichukui nafasi ya kukagua ngozi. Mgonjwa akaguliwe mara anapopokelewa, kila zamu, na kabla ya kusafirishwa. Maeneo ya kuangaliwa ni chini ya mgongo, visigino, nyonga, vifundo vya miguu, viwiko, mabega kwa nyuma na kisogo, hususan kwa watoto wadogo. Vilevile pakaguliwe penye vifaa: chini ya plasta ngumu, chini ya mpira wa oksijeni nyuma ya masikio, na pale mpira wa mkojo unapolala juu ya paja.

Macho peke yake hayatoshi

Vitabu vingi hueleza dalili ya kwanza kuwa ni wekundu usiopotea unapobonyezwa kwa kidole. Maelezo hayo yaliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa, na mtumishi anayeusubiri atakuja kuona kidonda kilichokwisha kufunguka.

Mafunzo kwa mazingira yetu hayana budi kuanza na mkono. Eneo lenye shaka lilinganishwe na ngozi iliyo jirani au na upande wa pili wa mwili kwa maswali manne: Je, pana joto zaidi au baridi zaidi? Pamekuwa pagumu, au pamelainika kama tope? Pamevimba? Mgonjwa anayehisi analalamika maumivu hapo? Rangi nayo iangaliwe kwenye mwanga mzuri, ikiwezekana wa dirishani: ngozi iliyodhurika huweza kuwa nyeusi kuliko kawaida, ya zambarau au yenye kung'aa. Kulowesha ngozi kidogo husaidia tofauti ya rangi kuonekana.

Ngozi iliyofika hatua hii bado ni nzima, na mgandamizo ukiondolewa mara nyingi hurejea katika hali yake. Hatua ya pili ngozi ya juu huchubuka au kufanya lengelenge; ya tatu kidonda hufika kwenye mafuta; ya nne hufika kwenye misuli, kano au mfupa. Kidonda kilichofunikwa na nyama iliyokufa hakiwezi kupangiwa hatua mpaka kisafishwe.

Kumgeuza na kumlaza mgonjwa

Desturi ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili humaanisha mara 12 kwa siku moja. Muda huo si amri isiyobadilika. Utafiti uliofanywa katika nyumba za kutunzia wazee nchini Marekani na Kanada, na kuchapishwa mwaka 2013, haukupata tofauti kati ya kugeuza kila saa mbili, tatu au nne; lakini wazee hao walilala juu ya magodoro mazito yaliyotengenezwa kupunguza mgandamizo. Godoro la sponji lililobonyea hadi mbao za kitanda zinahisika haliruhusu saa nne. Kabla ya kupanga ratiba, mkono upitishwe chini ya godoro mahali panapolaliwa: mwili ukigusika, godoro hilo halifanyi kazi yake.

Mgonjwa wa ubavu alazwe kwa mwinamo wa nyuzi 30, mgongo ukiegemea mto, ili uzito usikae juu ya mfupa wa nyonga. Kichwa cha kitanda kisizidi nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula au pale ugonjwa unapodai. Mto uwekwe chini ya miguu, si chini ya visigino, ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Mito ikikosekana, khanga au blanketi lililokunjwa vizuri hufaa. Mgonjwa mwenye uti wa mgongo uliovunjika ageuzwe kama gogo, mmoja akishika kichwa na wengine watatu mwili, wote wakifuata hesabu moja. Kupandisha mgonjwa kitandani kufanywe kwa shuka la kunyanyulia, watu wawili au zaidi, bila kumburuta.

Yapo mazoea ya kuacha. Kusugua kwa nguvu sehemu iliyobadilika rangi huongeza madhara kwenye nyama iliyokwisha kuumia. Glavu iliyojazwa maji chini ya kisigino, au kitambaa kilichoviringishwa kama kata, huhamishia mgandamizo pembeni. Baridi ya Juni na Julai nayo ina hatari zake. Ndugu humwekea mgonjwa chupa ya maji ya moto miguuni; asiyehisi huungua bila kujua. Mablanketi yakikunjwa chini ya mgonjwa hufanya vifundo vigumu, na yakilemea vidole humdhuru vilevile. Joto litafutwe kwa soksi na blanketi jepesi la juu.

Lishe ni sehemu ya kinga. Mtu mzima aliye hatarini na mwenye lishe duni hupendekezewa gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mradi figo zake zinaruhusu. Kwa mwenye kilo 60 ni gramu 75 hadi 90. Uji mtupu na ugali kwa mchuzi haviwezi kufikia kiasi hicho. Maharage, maziwa, mayai, dagaa na karanga hupatikana katika masoko ya mikoa yote miwili, na ndugu anayeleta chakula aelezwe hivyo waziwazi.

Mafunzo yafanyweje?

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2018 hayakupata ushahidi thabiti kwamba kuwafundisha watumishi, peke yake, hupunguza idadi ya vidonda. Matokeo hayo hayasemi kuwa mafunzo ni bure. Yanatahadharisha dhidi ya semina ya siku moja ambayo huisha, vyeti vikagawiwa, na wodi ikaendelea kama jana.

Mpango unaofaa ni wa vipindi vya nusu saa, kando ya kitanda, wakati wa kupokezana zamu. Katika kipindi cha kwanza kila mshiriki alale chali juu ya ubao wa kubebea wagonjwa kwa dakika 20 bila kujisogeza. Baada ya hapo hahitaji kuelezwa mengi. Cha pili ni mazoezi ya kukagua ngozi kwa mkono. Cha tatu ni kugeuza na kunyanyua. Cha nne ni kumfundisha ndugu. Wahudumu wa afya washirikishwe sawa na wauguzi, kwa kuwa wao ndio humwosha na kumbeba mgonjwa, na lugha iwe Kiswahili mwanzo hadi mwisho.

Kumfundisha ndugu kuna adabu yake. Muuguzi kijana aanze kwa shikamoo, kisha aonyeshe badala ya kuhutubu:

"Mama, naomba uweke kiganja chako hapa. Sasa weka hapa pembeni. Unahisi tofauti?"

"Hapa pana joto, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Basi hapo asipalalie mpaka pawe sawa na pengine. Ukihisi joto jipya mahali popote, niite hata usiku."

Mama huyo hapaswi kubebeshwa kazi ya wodi, wala kulaumiwa ikishindikana. Yeye ni mkono wa ziada, na wajibu unabaki kwa watumishi.

Mwisho, hesabu iandikwe. Karatasi ya kugeuzia ining'inizwe kitandani, ikiwa na saa, mkao na saini. Barua ya rufaa iongezewe mistari mitatu: alama za Braden, hali ya ngozi wakati wa kuondoka, na saa mgonjwa alipogeuzwa mara ya mwisho. Majeruhi aondolewe kwenye ubao mgumu mara tu daktari anaporuhusu, na kwa safari ndefu alazwe juu ya godoro. Kila mwezi wodi ihesabu vidonda vipya, ikitenganisha vilivyoanzia kwake na alivyokuja navyo mgonjwa, si kwa kutafuta wa kuadhibiwa, bali kujua ni katika saa zipi mlolongo ulikatika. Kijana wa Ilula angefika Mbeya na hesabu yake mkononi, na muuguzi wa huko angeanza pale mwenzake wa Iringa alipoishia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini baka lililoonekana siku ya tatu huenda halikusababishwa na wodi alimolazwa mgonjwa siku hiyo?
2. Taja maswali manne ya kujiuliza unapokagua ngozi nyeusi kwa mkono.
3. Kagua godoro moja katika wodi yako kwa njia iliyoelezwa. Je, ratiba ya kumgeuza anayelilalia inalingana na hali yake?
4. Andika mistari mitatu ya hali ya ngozi ambayo ungeiweka katika barua ya rufaa ya mgonjwa unayemhudumia leo.