Somo la Wazazi: Karanga na Koo la Mtoto



Huku kwetu Chala karanga, mahindi na maharage hayakosekani nyumbani. Tukimenya na kupukuchua, punje hubaki mkekani, naye mtoto anayetambaa huziokota upesi. Mwezi huu tujifunze kumkinga asipaliwe.

1. Kwa nini mtoto mdogo?
Njia yake ya hewa ni nyembamba. Magego huanza kuota baada ya mwaka 1, na hukamilika karibu na miaka 2 na nusu au 3. Kabla ya hapo anaweza kuuma, lakini hawezi kusaga vizuri. Tena punje kavu ikiingia kifuani hupata unyevu na kuvimba.

2. Tufanye nini nyumbani?
Asiyetimiza miaka 5 tusimpe karanga nzima. Hatumnyimi chakula: tuzitwange laini, tuzitie katika uji au mboga. Samaki tumtolee miiba. Mtoto ale ameketi. Kazi ikiisha tufagie, na sarafu, vifungo na betri ndogo tuviweke mbali naye. Tuwaeleze pia bibi na watoto wakubwa, maana nao humgawia.

3. Akipaliwa
Akikohoa kwa nguvu, tumwache akohoe. Asipoweza kulia, kukohoa wala kupumua, tumwinamishe kichwa kikiwa chini ya kifua, tumpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Bado? Wa chini ya mwaka 1 tumgeuze chali, tumbonyeze katikati ya kifua kwa vidole 2 mara 5. Mkubwa zaidi tumkumbatie kwa nyuma, tuweke ngumi juu ya kitovu, tuvute ndani na juu mara 5. Turudie, huku mwenzetu akitafuta msaada. Tusiingize kidole kooni bila kuona kitu, wala tusimpe maji.

4. Kikohozi kikitulia
Hapa wengi hudanganyika. Huenda karanga imeshuka pafuni. Baada ya siku kadhaa kikohozi hurudi na kifua hulia, ikadhaniwa ni nimonia. Karanga yenyewe kwa kawaida haionekani kwenye eksirei. Basi twende zahanati siku ile ile, tumwambie mganga waziwazi: "Alikuwa anakula karanga, akapaliwa." Maneno hayo machache yaweza kumwokoa.

Maswali ya kujadiliana
(a) Nyumbani kwetu punje huanikwa wapi?
(b) Ni nani hubaki na mtoto tukiwa shambani, naye amejifunza haya?