Kuvu Ukutani, Mtoto Tumboni



Ndugu zangu katika imani, likizo iliyopita nilikwenda kumtembelea dada yangu Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mvua huko huanza Novemba hadi Aprili, nami nilifika ikiwa imekolea. Usiku wa kwanza nilimsikia akikohoa hadi alfajiri. Tulipoamka kuswali, nikaona mswala wake uliokuwa umeegemea ukuta una madoa meusi. Tukasogeza kitanda. Ukuta ulikuwa mweusi kutoka sakafuni hadi usawa wa magoti.

"Nimeshaupaka chokaa mara mbili," alisema shemeji.

Lililonitisha zaidi ni jingine. Dada ana pumu tangu utotoni, na alikuwa ameacha dawa yake ya kuvuta. "Mdogo wangu, naogopa itamdhuru mtoto," aliniambia.

Kuvu hudhuru vipi?

Kuvu huota penye unyevu na hurusha hewani chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohusisha unyevu na kuvu majumbani na kikohozi, mzio na pumu. Haijathibitika kwamba kuvu la ukutani humlemaza mtoto tumboni, basi tusitishane. Hatari iliyo wazi ni pumu isiyodhibitiwa: mama akikosa hewa, mtoto naye hupungukiwa. Mtoto anaweza kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, na mama anaweza kupata shinikizo la damu. Tulipokwenda kliniki, muuguzi alimwambia dada arudie dawa yake, kwa kuwa kuiacha kuna hatari kubwa kuliko kuitumia. Dada yeyote mwenye pumu asiache dawa kabla ya kuuliza.

Kuvu la kwenye chakula ni jambo jingine, na ni kali zaidi. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwapata watu 317, wakafa 125. Sumu hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Karanga au mahindi yenye kuvu yatupwe, kupika hakuiondoi.

Tulichofanya

1. Tulitafuta maji yanakotoka. Paa la bati halikuwa na mfereji, maji yakirukia ukutani na kupanda ndani ya matofali. Shemeji alichimba mtaro wa kuyaelekeza mbali. Chokaa bila mtaro ni kuficha ugonjwa tu.

2. Dada alihamia chumba kingine. Mjamzito na mwenye pumu hawasugui kuvu.

3. Shemeji alifunga mdomo na pua kwa barakoa, akavaa glavu, akasugua kwa maji ya sabuni, kisha akakausha. Ukitumia jiki, fungua madirisha, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia: hutoa hewa ya sumu.

4. Tulifungua madirisha. Hapa palikuwa na mtihani, maana Nchelenge malaria ni nyingi, na malaria ni adui mkubwa wa mjamzito. Ndiyo sababu walikuwa wakifunga madirisha saa zote. Tuliweka wavu madirishani, tukayafungua mchana, na dada akaendelea kulala ndani ya chandarua.

5. Kitanda kilirudishwa mbali kidogo na ukuta. Mswala na magodoro vilianikwa juani.

Dini yetu inasemaje?

Sheria inakataza kujidhuru na kudhuru wengine, na mtoto aliye tumboni ana haki hiyo. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa kuhusu mwenendo wa Mtume (s.a.w.) nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Basi kaka zangu mnaojiandaa kuoa, kushika brashi na jembe kwa ajili ya mke mjamzito ni sunna. Si kazi ya aibu.

Nilipoondoka, kikohozi cha usiku kilikuwa kimepungua, alhamdulillah. Nawe uliyepanga chumba karibu na chuo, leo baada ya Isha sogeza kitanda chako utazame ukutani.

Allah awahifadhi mama zetu na walio matumboni mwao. Amin.